Tupime Madirisha Kabla ya Kushika Tupa

Maneno haya tuliyasema Baraka, mbele ya mkutano wa wanachama na vijana wa garaje ya chama. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa. Pale tulipokuwa tunaonyesha kwa mikono tumeongeza maneno machache, ili ambaye hakuwepo naye afuate.



Mezani hapa tumeweka silinda tatu. Zote ni za Yamaha DT125, zile pikipiki za zamani za mipigo miwili, ambazo wanaosema Kifaransa huziita deux temps. Tunazijua sote. Wengi wetu tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia 2005 na kuendelea, tulizikuta hizo na ndugu zake AG100 ndizo zinabeba waganga, chanjo na wageni wa mashirika. Leo barabara zimejaa pikipiki mpya za mipigo minne, lakini hizi za zamani bado ziko, na chama kimerithi kadhaa. Swali tulilopewa na komite ni moja: kwa nini silinda moja inakaa garaje siku tatu, wakati fundi wa barabarani anaifunga kwa saa mbili?

Jibu ni kwamba tunapima. Tena hatupimi ule upana wa ndani peke yake, ambao kila fundi anaujua. Tunapima madirisha.

Kwanza tupatane juu ya majina, maana hapa kuna waliotoka Nyarugusu na Lugufu wanaosema ringi, plagi na gasketi, na kuna waliobaki hapa wanaosema segma, bugi na jwenti. Ni vitu vilevile. Msigombane. Yale matundu yaliyo ndani ya ukuta wa silinda, waliosoma kwa Kifaransa huyaita lumières. Sisi tunasema madirisha, na hata mama ambaye hajawahi kushika spana akichungulia ndani ya silinda atasema ni madirisha.

Moteri ya mipigo minne iko na valvu za kufungua na kufunga. Hii haina valvu za namna hiyo. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikishuka, inafunua kwanza dirisha la moshi, moshi unatoka. Ikishuka zaidi kidogo, inafunua madirisha ya pembeni, na hapo mchanganyiko mpya wa esanse na hewa unapanda kutoka chini na kuingia. Ikipanda inayafunga yote na kubana. Kwa hiyo urefu wa dirisha, yaani liko umbali gani kutoka juu, ndiyo saa ya moteri. Hakuna mnyororo wala nati ya kurekebisha saa hiyo. Imekatwa ndani ya chuma, na aliyeikata akikosea milimita mbili, moteri nzima inabadilika tabia.

Milimita mbili ni nini? Tuchukue hesabu. DT125 ina silinda ya upana wa milimita 56 na mwendo wa pistoni wa milimita 50. Kwa mfano wa leo tuseme biele, au konrodi, ina milimita 100 kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Anayefanya hesabu ya moteri yake apime ya kwake. Ikiwa ukingo wa juu wa dirisha la moshi uko milimita 32.4 chini ya mahali pistoni inapofikia kilele, dirisha linakaa wazi digrii 160 katika mzunguko wa digrii 360. Ukilipandisha milimita mbili tu, likawa 30.4, linakaa wazi karibu digrii 170. Ni kama milimita moja kwa digrii 5. Madirisha ya pembeni ni makali zaidi: milimita moja kule ni karibu digrii 6.

Vijana waliuliza hizo digrii tunazipata wapi bila kompyuta. Tunazichora. Chukua karatasi kubwa, ile ya mafunzo. Piga mstari wa wima. Chora duara la nusu-kipenyo cha milimita 100, ambayo ni mara nne ya 25, yaani nusu ya mwendo wa pistoni. Juu ya mstari weka alama milimita 500 kutoka katikati ya duara: hapo ndipo pini ya pistoni inakaa ikiwa kilele. Sasa shuka kwa umbali wa dirisha mara nne. Kwa 32.4 utashuka 129.6. Kutoka hapo vuta uzi wa milimita 400, ndiyo biele yako mara nne, mpaka uguse duara. Pima pembe kwa raporteri ya shule, kuanzia juu. Utapata digrii 100. Mara mbili ni 200. Toa kwenye 360, zinabaki 160. Njo hiyo tu. Kijana aliyefika darasa la sita anaiweza, na tumeona wanaiweza.

Sasa, ule umbali wa 32.4 wenyewe tunaupataje? Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanashika pie-a-kulisi, wanatumbukiza ule ulimi wake wa kupimia kina kutoka uso wa juu wa silinda hadi ukingo wa dirisha, wanasoma 32.9, wanaandika 32.9. Lakini pistoni yako ikiwa kilele haifiki lazima usawa wa uso wa silinda. Inaweza kubaki chini nusu milimita, au kuzidi. Pima na hiyo, kwenye ukingo wa pistoni, si katikati ya kichwa chake, maana kichwa kimevimba. Ikiwa imebaki chini 0.5, basi 32.9 toa 0.5, ndiyo 32.4 yako. Anayeruka hatua hii anakosea digrii mbili na nusu kabla hata hajaanza.

Halafu karatasi. Hii ndiyo tunaipenda kuliko vyombo vyote, na haina bei. Kata karatasi nyepesi ya daftari, izungushe ndani ya silinda safi mpaka ilale vizuri ukutani, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na uso wa silinda. Shika kwa kidole kimoja, na kidole kingine kipake masizi au unga wa penseli, sugua pole pole juu ya kila dirisha. Kingo zote zitajichora zenyewe. Weka alama pale karatasi inapokutana na mwanzo wake, itoe, ilaze mezani: una silinda yako yote imefunguliwa kama mkeka. Kabla ya kuiamini, pima urefu wake kutoka alama hadi alama. Silinda ya 56 lazima ikupe karibu 176. Ukipata 179, karatasi ilikunjamana au haikulala sawa. Rudia.

Iko na mtego mmoja. Upana wa dirisha kwenye karatasi si upana ambao segma inauona. Fikirieni upinde na uzi wake. Karatasi inafuata upinde, pie-a-kulisi inafuata uzi. Silinda yetu ya kwanza hapa, dirisha la moshi kwenye karatasi lina 37.5, kwa pie-a-kulisi lina 34.7. Ni dirisha lilelile. Tunapozungumza juu ya kiasi gani cha upana kinavumilika, tunatumia uzi. Hapa 34.7 kwa silinda ya 56 ni asilimia 62, na hapo segma inaishi vizuri. Kwenye asilimia 65 tunaanza kuangalia kwa wasiwasi. Moteri za mashindano zinafika 70, lakini hizo zinafunguliwa kila baada ya mbio, na mwenye nazo hambebi mgonjwa.

Bon, tuje kwa silinda zenyewe.

Ya kwanza ililetwa na neno kwamba "imechoka, dirisha limekuwa dogo, walipanue". Dirisha halikuwa dogo. Lilikuwa limejaa makaa. Mafuta ya bei ndogo yakichanganywa kwa kukisia yanaacha ukoko mgumu kule moshi unapopita, na dirisha linazibwa kidogo kidogo kama bomba la maji. Tulikwangua kwa kijiti cha mti mgumu, tukapima, tukapata namba mlizozisikia: 32.4 na 34.7. Pande zote mbili za dirisha zinalingana, kingo zimelainishwa vilevile kote, hakuna alama ya tupa. Kwa macho yetu hii haijaguswa na mtu. Tumechora karatasi yake mara tatu na kuiweka kwenye daftari la garaje, na tutaeleza kwa nini karatasi hiyo ina thamani kuliko silinda yenyewe.

Ya pili katika mstari tutaiacha mwisho, tuseme haraka ya tatu. Hiyo ilikuwa haina nguvu, na fundi mmoja alikuwa tayari kuipeleka Uvira ipanuliwe kwa mashine na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa. Tuliangalia jambo dogo ambalo kila mmoja anaweza kuangalia: zungusha kwa mkono mpaka pistoni iwe chini kabisa, kisha chungulia. Ukingo wa pistoni unatakiwa ulale karibu sawa na sakafu ya madirisha. Hapa ulikuwa umezama milimita moja na nusu chini ya sakafu. Na ikiwa kilele, ilibaki chini kwa kiasi kilekile zaidi ya silinda ya kwanza. Maana yake pistoni ni fupi kutoka pini hadi ukingo wa kichwa. Mtu alinunua pistoni ya 56 ya pikipiki nyingine, ikaingia sawasawa, akafurahi. Silinda ni nzima. Inatakiwa pistoni yake, basi. Wale tunaowatuma sokoni, iwe Uvira au Bujumbura, sasa wanabeba karatasi yenye upana, urefu kutoka pini hadi ukingo, na unene wa pini. Muuza duka anasema "ni ya DT", sisi tunasema tupime.

Na jwenti. Tafadhali, ndugu zangu. Jwenti ya juu, chini ya kulasi, haibadilishi madirisha. Ile ya chini ya silinda inayabadilisha yote kwa mara moja, maana inainua silinda nzima. Ukikata jwenti ya chini kutoka karatoni ya sabuni, nene kwa nusu milimita kuliko iliyokuwepo, umesogeza saa ya moshi digrii mbili na nusu na ya madirisha ya pembeni digrii tatu, na juu yake umepunguza kubana. Halafu mnasema moteri imelogwa.

Sasa hii ya pili. Hii ndiyo iliyotuleta hapa.

Mnaijua pikipiki yake. Ndiyo inayokwenda kuchukua wagonjwa kule ambako gari halifiki, na wengi hapa wana mtu wa nyumbani aliyebebwa nayo. Ilipitia garaje moja ambayo hatutaitaja, na huko mtu mwenye tupa aliamua kuipa nguvu. Alipandisha dirisha la moshi na kulipanua pande zote mbili. Leo ukingo wa juu uko 29.0 kutoka kilele. Hizo ni digrii 176. Upana kwenye karatasi ni 45, kwa pie-a-kulisi ni 40.3. Gawanya kwa 56: asilimia 72.

Tueleze hizo namba zinafanya nini barabarani. Dirisha likifunguka mapema namna ile, moteri inapata nguvu ikizunguka kwa kasi sana, na ukiijaribu kwenye barabara tambarare utasema fundi ni mwenye akili. Lakini ikizunguka pole pole, kwenye kilima, na watu wawili na mzigo, mchanganyiko mpya unatoka pamoja na moshi kabla haujabanwa. Inakunywa esanse na haivuti. Dereva anaongeza gesi, anashuka gia, moteri inapata moto. Hilo ni la kwanza, na mtu angeweza kulivumilia.

La pili halivumiliki. Segma ni chuma kinachojikunjua, kila wakati kinataka kutoka nje. Ikipita mbele ya dirisha, inajitokeza kidogo ndani yake, na ukingo wa dirisha unairudisha. Dirisha likiwa na upana wa kawaida na kingo zake zimelainishwa, inarudi bila kelele mara maelfu kwa dakika. Dirisha likiwa na asilimia 72, lenye ukingo wa juu ulionyooka kama wa hili, na lenye makali ya tupa, siku moja haitarudi. Itashika, itavunjika, kipande kitaingia kati ya pistoni na ukuta, na gurudumu la nyuma litakamatwa hapohapo. Ukiwa mwepesi kwenye klachi utabaki umesimama. Ukiwa na mama mjamzito nyuma, usiku, kwenye mteremko, hatutaki hata kumalizia.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusiishushe silinda: tukate chini yake, dirisha lirudi mahali pake. Ni swali zuri, tumelihesabu. Ingetakiwa kushuka milimita 3.4. Madirisha ya pembeni yatashuka nayo, yatachelewa zaidi ya digrii 20, na pistoni itatokeza juu na kupiga kulasi. Na upana bado ungekuwa uleule. Chuma kilichokatwa na tupa hakirudi. Inabaki njia moja: kutoa ukuta wa ndani kwa mashine ya kukerezea na kuweka shemizi mpya, kisha kukata madirisha upya kwenye shemizi hiyo.

Hapo ndipo ile karatasi ya silinda ya kwanza inaingia. Mkereza chuma anajua chuma, lakini hawezi kujua dirisha la DT125 linakaa wapi. Ukimpa silinda iliyoharibika peke yake, atanakili uharibifu, kwa usahihi kabisa. Ukimpa silinda bila chochote, atakisia. Ukimpa karatasi ya silinda isiyoguswa, pamoja na umbali wa kila ukingo ulioandikwa kwa milimita, ana kitu cha kufuata, na akimaliza tunachora karatasi nyingine ndani ya kazi yake na kuiweka juu ya ile ya kwanza mbele ya dirisha la nyumba. Mwanga utaonyesha tofauti. Akishakata lazima pia alainishe kila ukingo kwa jiwe, wa juu na wa chini. Mashine inaacha makali kama ya wembe, na hiyo ni kweli hata kwa silinda iliyopanuliwa kawaida kwenda 56.25 au 56.50. Tumeona silinda zilizopanuliwa vizuri sana zikavunja segma kwa sababu tu hakuna aliyepitisha jiwe.

Kwa wale wanaodhani elimu ya madirisha ni ya kijijini: mwaka 1961 mwendesha pikipiki wa mashindano wa Ujerumani Mashariki, Ernst Degner, wa kampuni ya MZ, alikimbilia Magharibi, na mke na watoto wake wakatoroshwa wakiwa wamefichwa ndani ya gari. Wakati huo MZ walikuwa mbele ya wengi kwa maarifa ya madirisha na bomba la moshi la moteri za mipigo miwili. Degner alikwenda Suzuki, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za 50 cc. Mkimbizi aliyebeba vipimo kichwani. (Hapa wazee walicheka. Mmoja alisema yeye alikimbia na sufuria na watoto sita.)

Kuhakikisha kwamba hesabu na chuma vinasema neno moja, tunatumia pia duara la digrii. Vijana wametengeneza moja: nakala za raporteri mbili zimegundishwa kwenye kipande cha bati, linafungwa upande wa manyeto, na waya uliokunjwa ndio mshale. Kutafuta kilele kwa jicho hakufai, maana pale juu pistoni inakaa kama imelala. Tulichukua bugi iliyokufa, tukatoa udongo wake, tukachomea bolti ndani, ikawa kizuizi. Unaifunga, unazungusha kwa mkono, siyo kwa kiki, mpaka pistoni iguse, unasoma. Unazungusha upande mwingine mpaka iguse, unasoma. Ukipata 22 upande mmoja na 30 upande mwingine, kilele kiko katikati, kwa hiyo sogeza mshale digrii 4 mpaka usome 26 na 26. Toa kizuizi, ondoa bomba la moshi, mulika kwa tochi, na usome pale mwanga wa kwanza unapopita juu ya ukingo wa pistoni. Kwa silinda ya kwanza duara lilisema 100, mchoro ulisema 100. Vikipishana zaidi ya digrii mbili, mmoja wao ni mwongo, na mara nyingi ni ule umbali wa pistoni kutoka uso wa silinda.

Kwa hiyo mapendekezo yetu kwa komite, na tunajua hayafurahishi. Silinda ya pili isirudi kwenye pikipiki ile, hata kwa wiki moja, hata kama mtu anasema ilitembea jana na inaweza kutembea kesho. Chama kichague: kulipia shemizi kwa mkereza atakayekubali kufanya kazi kwa karatasi na kukubali tupime kabla hatujalipa, au kuifunga pikipiki hiyo silinda ya kwanza, ambayo ni nzima lakini ni ya pikipiki ya ushirika wa mihogo. Bei hatuitaji hapa, mweka hazina anayo. Tunaelewa kwamba ushirika wa mihogo nao una haki yake, na kwamba kuchukua kwao ili kuwapa wagonjwa si jambo la garaje kuamua.

Vijana, neno lenu. Tunajua wamotari wanakuja jioni wanasema "nipandishie kidogo, nitalipa". Pesa hiyo ni halali, na nyumbani kuna njaa. Lakini anayepandisha bila kupima kwanza hawezi kusema amepandisha kiasi gani, na mwenzake atakayeifungua baada ya mwaka hatajua pa kuirudisha. Akitaka kupandishiwa, achorewe karatasi kwanza, aweke sahihi, na karatasi ibaki kwetu. Utaona wengi wanaacha wenyewe.

Wafadhili, nanyi. Fomu mnayotutumia inauliza pikipiki ngapi zimetengenezwa katika miezi mitatu. Kwa fomu hiyo garaje ya barabarani inatushinda, na itatushinda kila mara. Tungependa kuwe na mstari mmoja zaidi: kati ya zilizotengenezwa, ngapi bado zinatembea baada ya miezi sita. Na kama kuna kitu cha kutuma, tunaomba pie-a-kulisi mbili nzuri na seti ya vibati vya unene unaojulikana, vya kupimia nafasi ya segma. Ni vitu vidogo kuliko gharama ya mkutano mmoja wa hoteli.

Daftari la karatasi liko kwa katibu wa garaje. Ukurasa wa DT125 umejazwa: umbali, upana wa upinde na wa uzi, digrii, unene wa jwenti ya chini, urefu wa pistoni kutoka pini. Ukurasa wa AG100, ile ya silinda ya 52, bado ni mweupe. Chama kina AG100 tatu na zote zimepitiwa na tupa, kwa hiyo hakuna ya kunakili. Kama una silinda ya AG100 nyumbani, hata iliyokufa, hata iliyokwaruzwa na pistoni mpaka haifai, hata kama kuku wanainywea maji, ilete garaje Jumamosi asubuhi. Mikwaruzo haitusumbui. Tunaangalia tu kama madirisha yake yalibaki vile yalivyotoka kiwandani, tunachora, na unarudi nayo.

Komite sasa iite kura juu ya silinda ya pili.